Maiti Hapandi Mizani Peke Yake

Mzee Mwinyikondo,

Shikamoo. Najua huitiki, lakini mkono wangu umekataa kuanza na neno jingine. Mkeo Bi Mwanahamisi yumo edani, ni mzima, ila chakula anakidonoa tu. Na mimi Shabani wako, uliyenibandika jina la Mlenda siku nilipolegea chini ya kreti la vipuri, nimevuliwa unyapara ulioniachia. Tulia nikusimulie, maana jambo lenyewe ulilianzisha wewe.

Asubuhi uliyofariki tulimwomba meneja mpya ruhusa ya kukuzika. Akasema ndege haimsubiri maiti. Basi tukarudi bandani tukapakia, meno tumeyauma. Magunia ya barua yalikuwa yameshaingia, kamba wa Nairobi wamo kwenye barafu, na shehena ya London ilikuwa bado chini, tukasikia tahlili. Jeneza lako lilikuwa linapita nje ya ua wa uwanja kwenda makaburini Kiwalani, na waliokubeba walikuwa wazee wa mtaa, pumzi zimewaishia. Wallahi sikutoa amri. Nilipogeuka banda zima lilikuwa tupu, wapakizi wote wanakimbilia getini kwenda kuwapokea wazee. Na mimi nikakimbia. Ndege ya mizigo, ile kubwa, ikabaki mlango wazi kama nyumba iliyohamwa. Tulikubeba kwa kupokezana mpaka kaburini, tukakufukia, tukaomba dua, ndipo tukarudi na udongo miguuni kumalizia mzigo. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Ndege ilimsubiri maiti, mzee, na maiti alikuwa wewe.

Meneja hakuweza kutufukuza sote, nani angempakilia? Akatafuta panapouma akapapata. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile jeneza lolote litawekwa kwenye toroli na kupimwa kwenye mizani kama shehena nyingine. Mzigo ni mzigo, alisema.

Nilimweleza kwa adabu, kama ulivyotueleza sisi. Nikamwambia, Bwana, hapa Kipawa maiti hapandi mizani peke yake. Sisi tunamtia begani, tunapanda naye mizani, karani anasoma. Tunashuka, wenzetu wanampokea, tunapanda tena watupu, karani anasoma tena. Anatoa hesabu ya pili katika ya kwanza, na rubani anapata uzito wake bila upungufu. Maiti hagusi chini mpaka ndani ya ndege. Akacheka. Akasema huo ni upuuzi wa watu wavivu.

Nikamkumbusha yule meneja wa mwanzo. Unamkumbuka? Yule aliyekuwa akikutukana mbele ya abiria, homa ikamuua, mkewe akataka akazikwe kwao Ulaya. Vijana wote tulisema mwacheni aende na toroli, na magurudumu yapige kelele njia nzima. Wewe ukakunja gunia lako, ukaliweka begani kwa sababu ya ufupi wako, jeneza lisije likainamia upande wako, ukasema, "Mie simbebi kwa tabia zake. Nambeba kwa tabia zangu." Tukanywea. Tukambeba. Jasho lilikutoka siku ile, na ulipomaliza ukaomba maji ukaenda zako kula, hukumtazama mtu.

Meneja huyu mpya hakutaka kusikia hayo. Alisema ya zamani yamekufa.

Basi mwezi uliopita akaja fundi cherehani, yule Mgoa wa Temeke mwenye miwani, aliyekuwa akitushonea kaptura za kazi. Mkewe alikuwa amefariki na anampeleka akazikwe kwa wazazi wake, Nairobi kwanza, kisha Bombay, kisha kwao Goa. Alisimama kando ya jeneza, kofia mkononi, hajui atazame wapi. Meneja naye kasimama mikono kifuani, toroli mbele yake. Ni toroli lile lile la kubebea kamba wa Nairobi, mzee. Lilikuwa bado linachuruzika maji yenye harufu.

Nikasema, Bwana, huyu ni mke wa mtu, na toroli linanuka. Akanijibu kwamba nikiligusa jeneza kwa bega, unyapara wangu umekwisha.

Sitakudanganya, unyapara niliutaka. Nina watoto, na mke wangu alikuwa ameanza kuwatambia majirani kwamba yeye ni mke wa mnyapara. Lakini nilikwenda ukutani nikalitwaa gunia lako msumarini, maana tangu ufariki hakuna aliyethubutu kuliondoa. Wenzangu wakaelewa kabla sijafungua mdomo. Kila mtu akashika pahala pake. Ikabaki pembe ya mbele kushoto, pembe yako, haina mtu. Nikageuka pale kukutafuta. Mzee, kwa nini niligeuka, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini kukupokea? Bismillahi nikaisemea moyoni.

Akaingia fundi. Hakuitwa na mtu. Alivaa kofia yake, akaja kusimama penye pembe yako, na kumbe ni mfupi kama wewe, bega halifiki. Nikamkunjia gunia nikamwekea. Tukanyanyua.

Tulipanda mizani na fundi yumo, analia kimyakimya, miwani imemjaa ukungu. Karani akasoma. Meneja alipiga kelele, karani akasoma hivyo hivyo. Tukashuka, wenzetu wakampokea mama yule, tukapanda tena watupu, fundi yumo bado. Kisha tukamrudishia pembe yake, akampandisha mkewe ngazi mpaka ndani ya ndege. Rubani alitoka akavua kofia.

Ndege ilipoondoka meneja alitukusanya. Akanivua unyapara mbele ya wote, akauliza nani anautaka. Nilitazama chini, nisimtie mtu aibu, kwa kuwa kila mmoja ana nyumba yake. Akauliza tena. Hakuna mkono ulionyooka, hata wa Hamisi, na unajua Hamisi anavyopenda ukubwa. Mpaka leo banda halina mnyapara. Tunapakia kama kawaida, na kila mmoja anajua la kufanya, kwa sababu ulitufundisha.

Bi Mwanahamisi alipopata habari alituma neno kutoka ndani: "Mwambieni huyo meneja wenu aombe eda yangu isiishe." Nilicheka mpaka nikalia. Nimekukosa, mzee. Nakukosa zaidi saa ya chai, maana hayupo mtu wa kunisimanga.

Fundi alisafiri na gunia begani, na juzi amerudi nalo kutoka kuzika. Amelifua, amelitia pamba, amelishona kando kwa uzi mweusi, limekuwa zito na laini. Tumelitundika pale pale kwenye msumari wako.

Lala, mzee wangu. Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi, maadamu bega hili lipo, atakayekuja Kipawa amekufa, awe wetu au wao, atapanda mizani na watu. Jana meneja aliung'oa msumari. Leo asubuhi tumepigilia mwingine, mrefu zaidi.

Mlenda wako,
Shabani