Imeshindikana, Kumi na Saba

Kasongo, 2 Mei 2024

Kwa Yaya Naomie, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kukuomba jambo moja: uwe mtu wa kwanza kuitumia programu niliyoitunga. Je, shemeji na watoto wameamkaje? Sisi tu wazima, na mgongo wa mama umetulia.

Programu hii hutuma hesabu za wagonjwa wa surua hadi Kindu kwa antena ya depo yenu ya dawa, ili chanjo zigawiwe. Haina picha wala vitufe; unaandika amri kwenye kioo cheusi, nayo hutii. Alhamisi tarehe 23, wahandisi kutoka Kindu watanisikiliza nikiieleza hapa Kasongo. Wakiridhika, nitaajiriwa. Kwa kuwa simu za kwenu bado zimekatika, mpe jibu Amuri, dereva wa pikipiki anayekuletea barua hii, programu na karatasi ya amri.

Mdogo wako,
Gédéon

Kabambare, 9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, pamoja na vumbi lote la barabara. Sisi tuko, mtoto ana mafua tu.

Niliandika amri ulivyoelekeza. Kioo kikajibu: "Imeshindikana. 17." Nikarudia, jibu lile lile. Bwana Gérard, mkuu wa depo, akauliza kama mdogo wangu anatunga programu au bahati nasibu. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Surua imeingia kwetu, na hesabu zisipofika kabla ya mwisho wa mwezi, chanjo zitaipita Kabambare bila kushushwa. Niambie, hesabu ziko wapi?

Yaya wako,
Naomie

Kasongo, 11 Mei

Yaya mpendwa,

Natumaini mtoto amepona. Programu haina hitilafu. Ujumbe mfupi ni desturi ya watu wa kazi hii, na namba 17 imeelezwa katika mwongozo. Tafadhali uusome kwa utulivu. Ningeomba pia maneno ya Bwana Gérard yasifike Kindu kabla ya tarehe 23.

Mdogo wako,
Gédéon

Kabambare, 18 Mei

Gédéon,

Mafua yamekwisha. Mwongozo unaousema haukuja na programu. Sijaigusa tena mashine, nisije nikafuta kila kitu kwa mkono wangu, na karatasi za hesabu zilikwisha kurudi vijijini. Bwana Gérard amechoka. Amemwita Chadrack, fundi wa Salamabila, aje Alhamisi saa tisa mchana aifute kompyuta yote.

Jana tumezika mtoto wa Soraya, jirani yetu. Surua. Hata mutu anayeleta habari ya ajali huanza kwa kusema nani ni muzima.

Naomie

Kasongo, 21 Mei

Yaya,

Poleni na msiba. Mfikishie Soraya pole yangu.

Hesabu zako ni nzima. Mara ya kwanza mtandao ulikatika katikati. Nusu iliyotangulia ikabaki njiani, na programu ikakataa kuandika juu yake. Hiyo ndiyo 17. Niliijua mimi, nisiiandike. Sasa kioo kitasema: "Hesabu zako zote ziko salama. Mtandao ulikatika kabla ya kumaliza kutuma. Andika: endelea." Nilimsomea mama, nikamwuliza angefanya nini. Akasema angeandika endelea. Kisha akaniuliza: "Na mwanzo ulikuwa umeandika nini?"

Programu ya zamani hailijui neno hilo, na Bwana Gérard hatapokea mpya kwa mkono wa dereva. Nitaileta mwenyewe. Wahandisi nimewaandikia kwamba hawatanikuta, na sababu sikuifupisha.

Amuri anatangulia na barua hii. Mimi naondoka kesho alfajiri. Mwombe Bwana Gérard asimruhusu mtu kuigusa kompyuta. Tukutane mlangoni pa depo, Alhamisi tarehe 23, saa nane mchana.

Mdogo wako,
Gédéon