Tukaingia, Tukawakata

Tukuyu, 9 Februari

Kaka Asajile,

Shikamoo. Huku mvua haikatiki, na Bibi anakusalimu sana. Ile riwaya uliyonitumia, ya jeshi la Wakristo kuuzingira mji wa Waislamu, nilikuwa namsomea Bibi huku tukichambua maharage. Ikram naye alikuwepo, maana tangu tumalize shule alikuwa akija kila siku kutusaidia.

Ukuta wa mji ulipobomoka nikajisahau. Kitabu kinasema "wakaingia", mimi nikasoma "tukaingia, tukawakata". Bibi akapiga vigelegele.

Ikram akauliza, "Eti Winfrida, mlituua wangapi?"

Tukacheka wote, hata yeye. Kisha akajifuta mikono, akasema mama yake anamsubiri dukani. Hii ni wiki ya pili hajaja.

Bibi anasema ulikuwa utani tu. Lakini Kaka, nilimwona akiinuka, na sikumsindikiza hata hadi mlangoni. Niliendelea kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama tutauteka mji.

Ona, nimeandika tena "tutauteka". Sifuti, uone mwenyewe. Nikifunga barua hii naenda kwao, mtaa wa Bagamoyo, nikamwambie hivi hivi nilivyokuandikia.

Mdogo wako mwenye aibu,
Winfrida