Tulivyomtafuta Fukusi Kwenye Kadi

Mpendwa dada Koku,

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ulikuwa ukitunza maktaba ya kilimo mjini Bukoba, nami nikikaa kwako Bilele kujifunza kazi. Asubuhi moja bwana shamba wa kijiji chetu cha Ijumbi akaingia, matope miguuni. Migomba ilikuwa inaanguka yenyewe na mikungu bado michanga. Mama yetu alikuwa akiishi huko, na shamba lake lilikuwa ndilo chakula chake.

"Wakubwa wanataka tung'oe yote tupande mahindi," alisema. "Nitafutieni cha kuwajibu."

Nilifungua droo ya ndizi, yenye kadi za kuonyesha ripoti gani ipo rafu gani. Kadi zilijaa tele, nyingi zikihusu kuivisha ndizi na kuzisafirisha kwa meli. Nilisoma mpaka macho yakauma. Ukaja, ukaifunga ile droo.

"Umeuliza ndizi, umepewa ndizi." Ukamgeukia bwana shamba. "Mkipasua shina kule chini, mnaona nini?"

"Matundu. Na funza weupe."

"Basi tuache mgomba. Tumtafute anayeula."

Kwenye droo ya wadudu, penye fukusi, mdudu anayetaga mayai ya funza hao, tulipata ripoti chache tu. Ukazichambua tena: za nchi kavu ukaziweka kando, ukabaki na za sehemu zenye mvua kama kwetu. Moja, ya Kiingereza, ilieleza namna ya kuwatega fukusi kwa vipande vya mgomba na kusafisha miche kabla ya kupanda. Ulimfasiria bwana shamba kwa Kiswahili, naye akaenda kuwaeleza wanakijiji kwa Kihaya. Wakajaribu. Migomba ikasimama, na hakuna aliyekuja kuing'oa. Mama alipotuletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, ulipika ukiimba.

Baada ya hapo tukaandikia kila ripoti kadi kadhaa: ya zao, ya mdudu, ya hali ya hewa. Mkubwa mmoja alisema tunaharibu karatasi. Ukamjibu kwa upole, "Mzee, karatasi inaharibika pale anayeihitaji asipoiona."

Siku hizi nafundisha vijana kutafuta makala za sayansi kwenye kompyuta. Mashine ina kasi, lakini ukiiuliza ovyo inakujibu ovyo, nami siwaruhusu kuandika neno kabla hawajanieleza tatizo lenyewe. Hunung'unika, kisha hupata wanachokitaka.

Nakukumbuka sana, dada, ila siandiki kwa huzuni. Wakiniuliza nilisomea wapi, nataja chuo, kisha nakutaja wewe.

Pumzika kwa amani. Kazi yako ipo mikononi mwangu.

Mdogo wako