Kwa Mama Kadzo, Aliyeshika Mkasi

Mpendwa Mama Kadzo,

Kwanza salamu, na pili unisamehe kwa kukuandikia mbele ya watu. Simu yako haipatikani, na kila anayetoka kwenu Kaloleni nikimuuliza huniambia kina Mama Kadzo kule ni wengi. Lakini sababu hasa ni kwamba uliaibishwa mbele ya watu, nami nilikuwepo. Basi na haya nayasema mbele ya watu.

Nilipoanza kazi katika duka lile la leso, hizi kanga zetu, nilikuwa binti wa Kibokoni aliyedekezwa, nimevaa viatu vya mchuchumio kana kwamba naenda harusini. Uliitazama miguu yangu ukacheka mpaka ukashika kaunta. "Mwanangu, hapa twasimama mpaka magharibi. Kesho njoo na kandambili." Sikukusikia. Jioni ile ulinivua viatu, ukanivisha kandambili zako, wewe ukaenda nyumbani peku.

Kazi yote ulinifundisha wewe. Ulinionyesha kuikunja leso hadi pindo lote lionekane, na kutomsemesha mteja sana, nimfungulie tu aione. Mchana wa Ramadhani ulikuwa ukijificha stoo kunywa maji, wewe Mkristo wa watu, ati usinitie kiu. Nami nikikuona nikijifanya sioni. Jumapili tulikwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga, na kila mara ulimgombeza muuzaji kwa kuifanyia pilipili ubahili.

Kisha tajiri wetu, mwenye duka, akaleta meneja, kijana aliyetoka kwenye duka la vyombo. Alikuwa na bidii, hilo simnyimi. Akaona leso zinavyouzwa jozi, vipande viwili vimeungana, mteja akakate mwenyewe nyumbani, akasema huo ni ushamba. Akaamuru zote zikatwe zitundikwe moja moja kama magauni. Ukamwambia, "Bwana meneja, ikikatwa, wa harusi hawaitaki. Wataona ishavaliwa." Akakujibu, "Mama, kazi yako ni kukata." Ukakata. Siku mbili ulishinda na mkasi, ukiguna, nami nikikushikia ncha.

Juma lililofuata akaja mama mmoja wa Mji wa Kale kuchukua leso za sare alizoagiza kwa harusi ya bintiye. Alikinyanyua kipande kimoja kwa vidole viwili. "Hizi ni leso ama ni mitumba?" Akaondoka bila kuchukua hata moja, na kufika Ijumaa Kibokoni nzima ishasikia.

Tajiri akaja na hasira zake, duka limejaa wateja. "Nani alozikata hizi?"

Meneja alikuwa akisoma simu yake. Ukanigeukia mimi, kwa kuwa tajiri alijuana na babangu na neno langu lilikuwa na uzito kwake. Nami nikasema, "Mama Kadzo."

Sikusema uongo. Sikusema pia nani alikuamuru. Ulivua koti la kazi, ukalikunja vizuri kama ulivyokunja kila kitu, ukatoka. Mwezi haujaisha, meneja akapewa na duka la pili alisimamie.

Sasa, Mama, meneja ni mimi. Usicheke.

Masika haya niliamuru marobota ya leso yateremshwe sakafuni ili rafu zipakwe rangi. Mbeyu, mama wa watoto wawili kutoka Mazeras ninayefanya naye kazi, aliniambia, "Dada, mvua yaja, na maji hupitia mlango wa nyuma." Nikamwambia afanye anavyoambiwa. Nilijisikia nikiyatamka maneno hayo, na bado nikayatamka. Kesho yake asubuhi tulifungua tukakuta maji yamefika vifundoni, rangi nyekundu imechuja na kuingia kwenye nyeupe.

Tajiri alipofika alimuuliza Mbeyu nani aliyeyateremsha marobota, maana ndiye aliyekuwa ameinama na dekio. Naye akaniangalia. "Chukua mkoba wako," tajiri akamwambia. Mbeyu akaanza kufungua vifungo vya koti lake. Nikasema, "Nilimwamuru mimi, tajiri. Na alinionya."

Nilishajiandaa kutoka. Nilishaanza kuwaza nitamwambia nini mume wangu. Tajiri akavuta kiti akakaa. "Haya. Makosa ya kazi hayo, mwanangu," akasema kwa upole kabisa. "Hata mimi yalinipata. Zianikeni zikauke, tutajua la kufanya." Kisha akaniagizia chai. Mbeyu hakuambiwa hata pole. Nilimwambia mimi, naye akarudi kwenye dekio lake.

Watu wa nyumbani wananisifu, ati nimekuwa jasiri. Naona haya. Miaka yote hii nilijituliza kwamba ningesema siku ile tungefukuzwa sote wawili. Sasa najua nisingefukuzwa. Wala meneja yule asingefukuzwa. Angebembelezwa kama nilivyobembelezwa mimi, nawe ungebaki kwenye kaunta yako. Palihitajika mtu wa kusema neno moja, na wewe ulikuwa umeshanigeukia.

Nakupenda, Mama Kadzo, na nina hamu nawe. Sikuandikii unisamehe haraka; kasirika kwanza, una haki. Ila asomaye barua hii na ajue: Mama Kadzo alikata kwa kuwa aliamriwa, na alionya kabla ya kukata, na mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya leso.

Mimi nilikosea, nikaagiziwa chai. Wewe hukukosea, na hakuna aliyekuambia hata ukae.

Mungu akutunze huko uliko.

Mwanao wa dukani,
Swafiya