Alhamisi kwa Mzee Fugate

Jumatatu, 11 Septemba

Reva Caudill, miaka arobaini na moja, mwanafunzi wa udaktari! Chuo kipya mno, kuta bado zinanuka rangi. Sisi ndio darasa la kwanza. Tutakuwa madaktari kamili, ila kwa mtindo wa osteopathia — dawa, upasuaji, na kutibu kwa mikono pia. Leo mwalimu wetu, Dk. Ostrander, kaweka unywele chini ya karatasi, tuutafute kwa vidole. Mwenzangu Keshav wa Chicago kaupata chini ya karatasi tatu. Mimi tisa! Miaka kumi na mitano ya kuhudumia wagonjwa kwenye ambulensi haikwenda bure.

Kila mmoja kapewa familia moja ya milimani, ya kuitembelea kila Alhamisi kwa miaka minne. Kazi yetu kwa sasa ni kusikiliza tu. Marufuku kutibu.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimepewa Mzee Virgil Fugate. Miaka thelathini na mitatu kwenye mgodi wa makaa, mapafu yamekwisha. Hakufungua mlango; kaniuliza akiwa ndani:

"Daktari wa mwisho alikaa miezi minane akahamia mjini. Wewe utakaa mingapi?"

Nikamwambia mimi si daktari bado.

"Sasa umefuata nini hapa?"

"Kujifunza kwako, mzee."

"Shule hiyo ilifungwa." Akazima taa ya barazani, saa nne asubuhi!

Alhamisi, 21 Septemba

Nimeingia! Mkewe, Mama Opal, kanitambua: ndimi niliyembeba dada yake kwa ambulensi mwaka wa mafuriko. Nimelishwa maharage na mkate wa mahindi mpaka basi. Mzee kanitazama tu. Alipokohoa, Mama Opal aliweka kijiko chini hadi amalize.

Alhamisi, 5 Oktoba

Dk. Ostrander kaja nami. Kanishika mikono, kaiweka kwenye mbavu za mzee, kanionyesha namna ya kuzilegeza. Akamwambia wazi: mapafu hayatapona, ila kifua kinaweza kupumua kwa raha kidogo. Mzee kaitazama mikono yangu. Halafu: "Huyu binti ana mikono ya kukamua ng'ombe." Mama Opal kacheka hadi machozi. Eti hiyo ni sifa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Naandika nikiwa ngazini kwao.

Nimemkuta anasugua mguu wa kushoto. "Nikande hapa, binti. Umekaza tangu juzi."

Nikagusa kidogo tu. Wa moto. Umevimba, mnene kuliko mwenzake. Nikaondoa mkono.

"Sikukandi, mzee. Na wewe acha kusugua."

"Kumbe! Mikono imekwisha leo?"

Nikamwambia: huenda damu imeganda humo, ikisukumwa inaweza kukimbilia mapafuni. Nikampigia Dk. Ostrander. Kanijibu nimefanya sawa, asisogezwe, ambulensi iitwe upesi. Nimeita.

Mzee kagoma kwenda, kang'ang'ania kiti. Kaka yake alipanda ambulensi mwezi wa pili, karudi kwenye jeneza. Mama Opal kampigia kelele: "Virgil, unataka nikufukie na kiti hicho?" Hakusogea. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ukipanda, napanda."

Hospitali ni mwendo wa saa mbili; nikienda, sirudi kabla ya jioni. Mtihani wetu wa kwanza wa anatomia ni leo saa nane mchana, na aliyekosa hurudia somo zima. Sheria ya chuo.

Nimempigia msajili wa chuo. Kasema niwaachie kazi wahudumu wa ambulensi, niwahi mtihani. Nikamwambia nilikuwa mhudumu wa ambulensi miaka kumi na mitano, mgonjwa akigoma hatuwezi kumbeba kwa nguvu. Kauliza kama naomba ruhusa. Hapana, nikasema, natoa taarifa tu: napanda na mzee.

Sijutii.

King'ora nakisikia darajani. Ndani, Mama Opal anamvalisha viatu vyake vya kanisani. Cha kulia kimeingia. Cha kushoto kimegoma, na mzee anauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mimi nimeshavaa koti. Naacha kuandika, nalivaa.