Kisu Ulichompa Mama

Mjomba wangu Kondo,

Shikamoo. Wewe umelala Kisarawe, mimi niko huku Kibaha, na hakuna wa kuniitikia. Lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Juzi binti wa rafiki yako Mwalimu Elieza alinijia nyumbani. Baba yake amezeeka, macho hayaoni vizuri, naye anataka visu vyake vipate mtu wa kuvitunza. Binti akaniuliza kama hawa watu wanaokusanya visu hupenda kisu kilichotumika au kile ambacho hakijakata kitu. Nikamwambia akamuulize mtu mwingine. Alipoondoka nilikaa mlangoni mpaka mboga ikaungua jikoni. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe na Mwalimu Elieza mlibishana jambo hilo tangu sijapata akili. Alikuwa akija kwa baiskeli Jumamosi kutoka Maneromango, visu vyake amevifunga kwenye flaneli, kila kimoja na kitambaa chake. Alivipaka mafuta ya cherehani. Hakuna hata kimoja kilichowahi kugusa kitunguu. Alisema kisu kikishanolewa kimeanza kuisha, na anayekitumia anaifuta kazi ya mhunzi. Wewe ulimcheka. Ulisema kisu ambacho hakijakata ni bati lililochongoka, halafu unavuta sanduku lako la mbao kutoka chini ya kitanda.

Visu vyako vilikuwa na madoa na mapengo, mipini imekuwa myeusi kwa jasho la watu. Ulivitaja kimoja kimoja. Hiki kilikuwa cha mchinjaji. Hiki kilimpasua nguruwe pori tumbo, akakimbia na matumbo yake mpaka mtoni. Hiki kilikata mtu sikio kwenye ngoma ya harusi, na sikio lenyewe likaokotwa na kuku. Ulipofika kwenye visu vilivyogusa watu sauti yako ilishuka, ikawa tamu, na sisi watoto tulisogea karibu zaidi. Mimi nilikuwa mbele ya wote.

Mama hakupenda. Alikuwa dadako wa pekee na hakukuogopa. Siku moja alisimama mlangoni na ungo wake akasema, "Kondo, huyu mtoto unamlisha damu." Ukamwambia ni hadithi tu. Akanishika mkono akaniingiza ndani.

Mwaka uliofuata Uhuru, Mama aliolewa na Shomari. Baba yangu alikuwa amekufa siku nyingi, na Mama alikuwa bado kijana. Shomari alikata mkonge kwenye shamba karibu na Mlandizi, mtu mrefu, mchangamfu, anayejua kuimba. Nakumbuka wewe ndiye uliyeiandaa ile harusi. Bibi alimpa Mama vyungu na kanga. Wewe ulifungua sanduku ukatoa kile ulichokipenda kuliko vyote, kile chenye mpini wa pembe, ambacho ubapa wake ulikuwa umenolewa mpaka umekuwa mwembamba kama jani la muwa. Nilijua unampa kitu cha moyo wako. Ulimpa mbele ya watu, na Shomari amekaa kwenye mkeka pembeni.

Kisha ukasimulia. Ulisema mwenye kisu alikuwa muuza nyama, mwizi alimvamia, naye akamchoma mwizi huyo mara moja tu chini ya titi la kushoto, na mwizi hakupata hata nafasi ya kulia. "Hiki hakikosei," ulisema. Wanaume walicheka. Shomari alicheka pia, akakiomba akishike, akakipimia uzito kiganjani.

Tulihamia Mlandizi. Kwa miezi michache nyumba ilikuwa nzuri. Baadaye Shomari alianza kumpiga Mama. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa ngumi. Siku moja alimburuta kwa nywele mpaka nje, mbele ya majirani, kwa sababu alimsalimu mwenye duka na kucheka. Mama alirudi kwenu Kisarawe zaidi ya mara moja, uso umevimba. Wazee walikaa, Shomari akaomba msamaha, wazee wakamrudisha. Mara ya mwisho wewe ulikataa. Ulisema asiende. Lakini Mama mwenyewe alisema ameacha kuku wake na mihogo yake shambani, anaenda kuvichukua, kisha atarudi moja kwa moja. Nikaenda naye.

Ilikuwa asubuhi. Mama alikuwa uani amekaa kwenye kibao, anamenya mihogo ya kuondoka nayo. Mimi nilikuwa natoka kisimani. Shomari alitoka ndani akamuuliza kwa nini mizigo imefungwa. Mama akamjibu bila kuinua kichwa kwamba anakwenda kwa kakake na harudi. Sikusikia kelele. Shomari aliinama kama mtu anayetaka kuokota muhogo, akamnyang'anya kile kisu chenye mpini wa pembe. Alimchoma chini ya titi la kushoto, mahali pale pale. Mama aliniangalia. Alishika kanga yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisimwagike, kisha akaanguka juu ya maganda.

Ndoo iliniponyoka. Shomari alibaki amesimama na kisu mkononi mpaka majirani walipomwangusha. Walimpiga kwa mapande ya kuni, wakamvunja mkono, na wangemmaliza kama polisi wasingefika. Alifungwa na akafia huko huko.

Ulikuja kunichukua kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Gauni langu lilikuwa na damu ya Mama, na sikutaka mtu anivue. Wanawake walijaribu, nikawauma. Wewe ulikaa nami mpaka nikalala, ukanivua, ukaenda kulifua mwenyewe mtoni, wewe mwanamume, na watu wanakutazama. Nilipoamka ulikuwa unalianika. Hukuwahi kulizungumza.

Miaka ile iliyofuata ulinilea wewe na Bibi. Sanduku lilibaki chini ya kitanda. Mwalimu Elieza aliendelea kuja Jumamosi, lakini flaneli aliiacha kwake. Mlizungumza habari za mvua na korosho. Serikali ilipotangaza Azimio la ujamaa, mlizungumza Azimio. Visu, hapana.

Kisha akaja yule mtu wa Dar es Salaam. Jina lake sikulijua, na sitaki kulijua. Alikuwa na suruali iliyopigwa pasi na mkoba wa ngozi, akasema ananunua vitu vya kale kwa ajili ya wazungu wanaovikusanya. Amesikia habari za sanduku lako. Ilikuwa mchana, Mwalimu Elieza yupo, mimi nachambua mchele barazani. Ulisita. Halafu ukalitoa sanduku ukamtandikia visu kwenye mkeka. Nadhani ulifurahi kidogo kwamba mtu amekuja kuvitaka.

Mwalimu Elieza alimuuliza kwa nini wazungu hao hawataki visu vipya, vilivyo safi. Yule mtu akacheka. Akasema visu safi vinapatikana duka lolote, hakuna anayevitaka. Wanaokusanya hasa hutaka kilichotumika, na zaidi ya vyote hutaka kile kilichoua, mradi kiwe na maelezo yake. Kisha akakugeukia wewe.

"Nasikia kuna kimoja kilimuua mwanamke huko Mlandizi," alisema. "Kiko polisi, ni kielelezo cha kesi iliyokwisha. Wewe ndiye mwenyewe. Ukienda kukidai watakupa."

Nilikuangalia usoni, Mjomba. Ulikuwa kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mwingine. Uliokota kisu cha karibu ukamrukia. Pigo la kwanza lilimpasua shavu mpaka nikaona meno. La pili lilimwingia begani. Alianguka kwenye ungo wangu, mchele ukawa mwekundu, naye anajiburuta kwa matako kuelekea uani huku analia akimwita mama yake. Ulimkanyaga kifua ukainua mkono tena, na nilijua unalenga wapi.

Mwalimu Elieza aliushika ubapa kwa mkono mtupu. Wewe ukavuta. Alikataa kuachia. Ukavuta tena kwa nguvu zote, na vidole vyake viwili vikadondoka pale barazani, mbele yangu. Hapo ndipo ulipomtambua. Ulikitupa kisu, ukavua shati lako ukamfunga mkono, ukawa unarudia jina lake.

Polisi walipokuja uliwanyooshea mikono. Mahakamani Mwalimu Elieza alisema kisu alikishika mwenyewe kwa hiari yake, hana malalamiko. Lakini yule mtu alikuwa na shavu lake la kuonyesha, na ukaenda jela.

Hukuwapo serikali ilipokuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Bibi alisema hatoki mpaka wewe urudi. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakaanza kuvunja makuti tukiwa ndani. Mmoja alimsukuma Bibi kwa kitako cha bunduki, akaanguka akavunjika nyonga, hakutembea tena mpaka alipokufa. Walilitoa sanduku lako nje, wakaona yaliyomo, wakasema kweli hii ni nyumba ya wauaji. Wakalipiga teke likapasuka. Kisha wakachoma moto boma lililobaki. Wanawake tuliokuwa tukihamishwa nao waliokota visu mchangani, mmoja baada ya mwingine, maana hatukujua huko tuendako tutapata wapi vitu. Sikuwazuia.

Uliporudi ulinikuta katika kijiji kipya. Ulikuwa umekonda, nywele nyeupe, jino la mbele halipo, na mgongo wako ulikuwa na alama ambazo hukutaka kuzieleza. Nilikupitisha penye nyumba za jirani. Kila ulipoangalia, ulikiona kisu chako. Cha mchinjaji kilikuwa kinamenya mihogo. Cha nguruwe kilikuwa kinapara samaki. Kile cha sikio mtoto alikuwa anachongea kibao. Nilidhani utavidai. Ulisalimia watu, ukapita.

Tangu siku hiyo hukushika kisu. Nyama uliichana kwa meno, muhogo uliuvunja kwa mikono. Ukipewa kisu ulisema mkono unauma. Mwalimu Elieza alipokuja kukuona aliuweka mkono wake uliopungua ndani ya mkono wako akauacha hapo. Ulitaka kusema kitu, akakuwahi. "Nilikishika mwenyewe, Kondo." Mkakaa hivyo muda mrefu, na mimi nikaondoka kuwaacha mlie.

Baadaye niliolewa, nikaja kuishi Kibaha. Ulinitembelea nilipojifungua mtoto wa kwanza. Ulinibebea mananasi ya Kisarawe kwenye kikapu, na safari yote hiyo ulisimama kwenye basi. Tulikula, nikatoa vyombo. Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Ukasema, bila kuniangalia, "Mwanahawa, mimi ndiye niliyempa mama yako kile kisu."

Nikamhamishia mtoto ziwa la pili.

"Na ndiye niliyemwonyesha Shomari pa kuchomea."

Mjomba, neno la kwanza ningekusamehe hata nikiwa mtoto. Ulimpa Mama kisu kwa sababu ulimpenda, na Mama alikifurahia, kilikuwa kikali na chepesi mkononi. Lakini lile la pili nilikuwa nalisubiri tangu siku ndoo iliponiponyoka. Miaka yote hiyo nilipika chakula chako, nikafua nguo zako, nikakupelekea sabuni jela, na ndani yangu nilikuwa nasikia ukisema hakikosei, na wanaume wanacheka.

"Nilikuwa na hasira na wewe," nilikwambia.

"Najua."

"Sikujua kama unajua."

"Ulikuwa unaniwekea chakula bila kuniangalia. Hasira bado unayo?"

Sikutaka kukudanganya. Nikasema inapungua. Ukatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

Mtoto alikuwa amelala kwenye ziwa langu na nisingeweza kuinuka. Nikakuambia, "Mjomba, nikatie nanasi." Kisu kilikuwa juu ya meza, kisu changu cha jikoni, mpini wake nimeufunga kwa ukanda wa mpira. Ulikitazama muda mrefu. Ukanitazama mimi. Kisha ukakichukua. Mwanzoni ulimenya pamoja na nyama, maji ya nanasi yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Pole pole mkono ukazoea. Ulitoa macho ya nanasi moja moja kama ulivyokuwa ukinitolea nilipokuwa mdogo, na kipande cha kwanza ukanilisha mwenyewe, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mtoto. Lilikuwa tamu. Tulikula lote. Ukakiosha kisu, ukakifuta kwa shati lako, ukakirudisha jikoni.

Masika yaliyofuata nilipata habari zako nikiwa na mimba nyingine, na barabara ya Kisarawe ilikuwa haipitiki. Nilifika ukiwa umekwisha kuzikwa. Kwa hiyo kuna neno halikukufikia, na sitaki likae kwangu.

Uliniuliza kama hasira bado ninayo. Iliendelea kupungua baada ya siku ile. Siku moja nilikuwa namenyea wanangu nanasi, nikakukumbuka, nikakuta nimekukumbuka wewe tu, na maji yanakutiririka mkononi. Nikakaa nikaitafuta. Sikuiona.

Pumzika, Mjomba. Kama uko aliko Mama, mwambie nilikulisha vizuri.

Mpwa wako uliyemlea,
Mwanahawa