Kitwitwi Aliyepiga Pozi

Studio ya Picha,
Nyuma ya Soko,
S.L.P. 318.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Cherehani ya mke wangu imepona, na binti yetu Kifutio bado anafuta kila anachoandika. Wewe je? Nauliza kwa barua kwa sababu kwenye simu umenishinda. Mara tatu nimekuuliza daktari alisemaje kuhusu kile kivimbe cha shingoni, na mara tatu umecheka ukanipeleka kwa jirani yako na kuku wake. Kuku wale sasa nawajua mmoja mmoja. Kivimbe sikijui, na usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Uliomba nikusafishie kubwa ile picha ya ndege, uitundike sebuleni. Ngoja nikueleze habari yake, maana siyo uliyoidhani.

Kazi yangu unaijua, picha za pasipoti. Kaa wima, kidevu juu, usicheke. Mwezi wa kwanza nilianza kwenda kwenye mabwawa ya chumvi kila asubuhi kabla ya kufungua studio, nipumzike na nyuso zinazoogopa kamera. Huko nikamkuta kitwitwi huyu. Mgongo wake una rangi ya mchanga uliolowa, na kila unyoya una ukingo mweupe mwembamba, kama pindo la mke wangu siku asiyokuwa na haraka. Kifua ni rangi ya chai ya maziwa. Jichoni ana wanja mweusi unaopitiliza hadi shingoni. Akitulia humwoni. Nilimtafuta kwa lenzi dakika kumi naye yuko mbele yangu.

Kisha akanifungulia bawa. Alilitandaza chini, akaliburuta, mkia ameupanua, nami nikaona mstari mweupe na rangi ya kutu ambazo siku zote huwa amezificha. Nikisogea anasogea, anageuka kuhakikisha namfuata. Shangazi, nilidhani anapiga pozi. Miaka kumi na tisa nawabembeleza watu wakae vizuri, hatimaye nikapata mteja anayejua kazi. Nilimshukuru kwa sauti. Asubuhi sita nilirudi na kigoda changu, nikakaa palepale mpaka jua likapanda.

Picha niliitundika dirishani na watu wakaisifu sana.

Siku ya saba akanijia mlinzi wa mabwawa, bwana mmoja ambaye hulalamikia viatu vyake kutwa nzima. Siku hiyo hakuvitaja. "Wewe bwana, huyo hakupigii pozi, anakutoa kwake. Umekaa hatua tatu tu kutoka kwenye mayai yake. Asiporudi kuyafunika, kwa jua hili yataiva." Nikatazama chini. Yalikuwa mawili, yenye madoa, kwenye kishimo kidogo kuliko kiganja. Nikakunja kigoda, nikarudi nyuma nikikanyaga nyayo zangu zilezile.

Sijakanyaga tena pale. Picha nimeiondoa dirishani. Kila asubuhi nilisimama mbali barabarani nikimngoja mlinzi aniambie kuna nini. Alhamisi akasema yai moja limeanguliwa, na kifaranga kinakimbia kama pamba yenye miguu. La pili limebaki vilevile. Najiambia huenda lingeharibika hata bila mimi, lakini sijiamini.

Ndipo nikalikumbuka gauni lako la kijani. Tulikuwa watoto watano katika chumba ulichopangishwa kwa sharti la watoto wawili. Mwenye nyumba akichomoza kwenye kona, ulilivaa haraka, ukamdaka getini kwa kicheko na malalamiko ya bomba, ukatembea naye mpaka mwisho wa mtaa. Sisi chini ya kitanda tulidhani Shangazi anapenda maongezi. Nimekuja kuelewa nikiwa na mvi.

Sasa kwenye simu nasikia kicheko kilekile. Safari hii mwenye nyumba ni mimi, nami sitaki kusindikizwa mpaka mwisho wa mtaa. Naogopa, Shangazi. Naogopa nisije nikakaa hatua tatu kutoka kwenye jambo kubwa, nikisifu kicheko chako. Methali ya mficha maradhi unaijua, sitaimalizia.

Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa ijayo. Studio nitamwachia mke wangu, na Kifutio ameapa hatagusa taa. Picha ya bawa sikuletei. Nakuletea nyingine niliyoipiga kutoka barabarani kabla yai halijapasuka: ametulia juu ya mayai yake, hafanyi chochote, na huwezi kumwona mpaka uoneshwe alipo.

Nisalimie binamu fundi bomba, na jirani pamoja na kuku wake wote. Mungu akutunze mpaka nifike, na nikishafika azidi kukutunza.

Usije kunipokea kituoni, na gauni liache kabatini. Nisubiri ndani, umekaa.

Ni mimi nikupendaye,
Mwanao wa chini ya kitanda